Nguo Nyeusi Ilibaki Nyumbani

Usaili wa ualimu ulipangwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa sita. Nguo nyeusi ya Keneuoe ilipangwa kuvuliwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa saba. Katikati palikuwa na wiki tatu na siku mbili. Na mjane aliye katika nguo nyeusi halali nje ya nyumba yake, hapeani mkono na mtu, hasimami kusema mbele za watu, hapazi sauti, na jua linapozama sharti limkute ndani, ameketi mkekani nyuma ya mlango. Chuo kikuu kilikuwa mbali, mwendo wa zaidi ya saa tano kwa basi, kushuka milima yote. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na halikuwa na mpini wa kulishikia.

Ujumbe ulimfikia Jumapili mchana, juu ya jiwe lililo nyuma ya shule, maana kijiji kizima mtandao ulipatikana hapo tu. Aliusoma mara tano. Aje na vyeti halisi, barua ya polisi na barua ya mwalimu mkuu. Atasailiwa, kisha atafundisha watoto wa shule ya msingi kwa dakika kumi, wasaili wakitazama. Mstari wa mwisho ulisema: asiyefika atahesabiwa amejiondoa mwenyewe.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Minne katika hiyo alikuwa amefundisha darasa la tatu bila cheti, kwa mshahara ambao hata mchunga kondoo angeucheka. Mwezi wa pili barua ilikuja shuleni kutoka wizarani: ifikapo mwisho wa mwaka, mwalimu asiye na cheti wala barua ya kupokewa chuoni, aondoke darasani. Kwa hiyo habari ya kungoja mwakani haikuwapo. Mwakani angekuwa mjane mwenye mtoto mmoja na shamba moja la mahindi kando ya mto, basi.

Alipiga simu palepale juu ya jiwe.

"Dada, mimi nakuelewa," karani wa chuo alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu. "Lakini unajua waombaji wangapi mwaka huu wana msiba? Nikikuahirishia wewe niwaahirishie wote."

"Ni wiki tatu tu, Ntate," alisema, akimwita baba kwa heshima ya kwao.

"Wiki tatu orodha itakuwa imeshabandikwa ukutani. Omba tena mwakani."

"Mwakani sina kazi."

"Hilo sasa si la ofisi hii, dada yangu. Baridi huko milimani ikoje?"

Salio likaisha kabla hajamjibu kuhusu baridi.

Jumatatu alikwenda kwa Ntate Lesaoana, mdogo wa marehemu baba mkwe wake, maana yeye ndiye aliyepanga siku ya kuvua na ndiye mwenye kondoo wa kuchinjwa siku hiyo. Hakwenda peke yake. Mama mkwe wake, Mme Mampolokeng, na mme kwao ni mama, alitangulia mbele, na Keneuoe akaketi chini karibu na mlango kama inavyompasa. Ntate Lesaoana alikuwa anashona tandiko la farasi kwa sindano kubwa na hakuinua macho.

"Isogezwe?" alisema. "Kijana wangu yuko mgodini, likizo yake inaanza tarehe kumi na saba. Mjomba wa marehemu Moeketsi anatoka ng'ambo ya mto, naye nimeshamtumia habari. Kondoo mwenyewe bado mwembamba, majira haya ya baridi hana nyama. Nisogeze kwa ajili ya nini? Karatasi?"

"Kwa ajili ya kazi yake, Lesaoana," Mme Mampolokeng alisema.

"Mfu hasukumwi kama punda, shemeji. Moeketsi anahitaji miezi sita. Mkewe akimpa mitano, atakuja kuudai huo mmoja kwa mtoto." Akavuta uzi kwa meno. "Mwambie mkweo asome vitabu vyake hapo mkekani. Si ndiyo kazi ya walimu, kukaa?"

Njiani kurudi Mme Mampolokeng alitangulia mpaka zizini. Hapo akasimama, akatoa kopo lake la ugoro, akavuta, akapiga chafya.

"Basi, Mama Thuso," alisema. Hilo ndilo jina walilompa Keneuoe siku aliyoingia ukweni, kabla hata mtoto hajatungwa. "Umesikia. Utafundisha kuku. Wale hawadai cheti."

Keneuoe alicheka kidogo ili asilie. Usiku ule hakulala. Alihesabu njia kichwani: akiondoka na basi la alfajiri atafika mchana. Usaili asubuhi. Basi la kurudi linaondoka saa sita mchana. Hata angekuwa na mabawa, usiku mmoja ungemkuta nje. Na akionekana nje bila nguo nyeusi, mambo mawili: kijiji kitasema amemkanyaga mumewe, na Thuso akipata hata kikohozi, itasemwa mama ndiye aliyemletea mkosi. Akionekana chuoni ndani ya nguo nyeusi, nani atampa watoto wa watu awafundishe? Wazazi wa shule ile wangewatoa watoto wao kupitia dirishani.

Jumanne jioni Mme Mampolokeng aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, anayeishi kwa kupika pombe ya mtama. Akiwa nayo, hupandisha kitambaa cheupe juu ya mti mrefu nyumbani kwake ili wenye kiu wajue.

"Vua," alisema.

"Mama?"

"Vua hiyo nguo. Na shuka la mabegani. Na kilemba. Kesho nguo italala hapa, mkekani, kama inavyotakiwa. Nitaivaa mimi, na watu wakipita jioni wataona mtu wa nguo nyeusi nyuma ya mlango. Nani humtazama mjane usoni? Mimi mwenyewe sijakutazama miezi mitano."

"Mama, Ntate Lesaoana akijua..."

"Lesaoana anajua kondoo. Sikiliza. Ile fomu nani aliipeleka mjini? Mwanangu. Aliiweka kifuani, akakaa juu ya marobota ya sufu, akaenda nayo mpaka posta. Safari iliyofuata lori likapinduka. Mimi sisomi, lakini najua kwamba hicho ndicho kitu cha mwisho alichokuomba. Au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Usiku mmoja, Mama Thuso. Mmoja! Nina pipa limeiva, wateja wangu watanywa wapi? Alhamisi jioni uwe hapa."

Kwa hiyo Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, Keneuoe alipanda basi kituo cha pili, ng'ambo ya kijito, akiwa amejifunika blanketi mpaka puani kama abiria wengine wote. Ndani ya blanketi alivaa gauni lake la kufundishia, la kijani. Alijiona kama amevuliwa ngozi. Kila aliyepanda alimtazama miguu kwanza, maana viatu hujulikana kuliko uso. Hakuna aliyemtambua, au kama alitambuliwa, hakuna aliyesema.

Alilala kwa binamu yake, Lineo, aliyekuwa akishona jinzi kiwandani na kupanga chumba kimoja. Lineo alimpa maandazi na chai. "Mama mkwe wako amevaa nyeusi yako?" aliuliza, akashika mdomo. "Yule yule anayewafukuza walevi kwa mwiko? Na akipiga chafya?"

Keneuoe hakuwa amewaza habari ya chafya. Kuanzia hapo hakuwaza kingine.

Asubuhi, saa moja na nusu, alifika chuoni akiamini atakuwa wa kwanza. Watu thelathini walikuwa wameshakaa kwenye benchi ukumbini. Wengine walikuwa wamelala hapohapo. Mlinzi alimpa kikaratasi: thelathini na moja.

"Tunaitwa kwa haraka?" aliuliza.

"Wanaita kama mganga," kijana wa mbele yake alisema. "Mmoja, kisha wanakunywa chai."

Saa nne walikuwa namba tisa. Saa sita, basi lilipokuwa linaondoka, walikuwa namba kumi na saba. Keneuoe alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaketi. Kule nyumbani hakuna simu inayoshika. Hakuwa na njia ya kumwambia mama mkwe: bado, ongeza usiku mmoja. Akajiambia aondoke, apande lori lolote. Akajiambia akiondoka amejiondoa mwenyewe, imeandikwa. Kijana wa namba thelathini alikuwa anakariri kwa sauti ya chini, "Napenda watoto, napenda taifa langu, napenda watoto, napenda taifa langu," mpaka Keneuoe akataka kumpiga.

Aliitwa saa tisa na dakika ishirini.

Ndani walikuwa wawili, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mama mnene aliyevaa sweta mbili. Mwanamume aliinuka, akanyoosha mkono. Keneuoe aliutazama. Alikuwa hajashika mkono wa mtu mzima tangu mazishi. Mkono ulikaa hewani kwa muda ambao kila mtu aliuona. Kisha akaupokea, na ulikuwa wa moto.

"Kaa, dada. Nimesoma fomu nyingi leo," mwanamume alisema. "Fomu ina nafasi ya machaguo matatu. Watu huandika udaktari, sheria, kisha ualimu. Ualimu ndio kapu la mabaki, tumezoea. Wewe umeandika ualimu mara tatu. Hukujua kujaza?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Alikuwa na jibu alilolikariri njia nzima, habari ya nuru na kizazi kijacho. Halikuja. "Mume wangu alisema tusiwape mlango wa kunipeleka kwingine."

Mama wa sweta mbili alicheka puani. "Mume wako anafanya kazi gani?"

"Alikuwa akisafirisha sufu."

"Alikuwa." Mama yule aliacha kuandika. Alimtazama Keneuoe kichwani, pale kitambaa cha maua kilipokuwa kimesogea nyuma. Nywele zilizonyolewa siku ya msiba zilikuwa bado fupi kama za mvulana. "Lini?"

"Mwezi wa kwanza."

Chini ya meza, Keneuoe aliona vidole vya mama yule vinahesabu. Kwanza. Pili. Tatu. Nne. Tano. Vikasimama hapo, kabla ya sita. Yule mwanamume alichunguza kalamu yake kana kwamba imeandikwa habari.

"Watoto wanasubiri," mama alisema mwishowe, bila kumtazama. "Darasa la tatu. Kugawanya."

Watoto walikuwa ishirini na wanane, wa mjini, wamechoka na walimu wageni thelathini waliowafundisha kugawanya tangu asubuhi. Keneuoe alichukua chaki. "Kondoo kumi na saba," alisema, "wachungaji watatu..."

"Mwalimu, hatusikii!" mtoto wa nyuma alipiga kelele.

Alirudia. Hawakusikia. Miezi mitano alikuwa akisema chinichini kama mtu anayezungumza na kikombe chake, na sasa sauti ilikuwa imelala na haikutaka kuamka. Nyuma ya darasa wasaili waliandika. Aliona kalamu zote mbili zinakwenda pamoja.

"Mwalimu, unaumwa?" msichana mmoja wa mbele aliuliza kwa huruma ya kweli, na darasa likacheka.

"KONDOO KUMI NA SABA!" Keneuoe alisema.

Alijishtua mwenyewe. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya korongo. Alitazama mlangoni kama mtu aliyeiba, kisha akaendelea, kwa sababu watoto walikuwa wamenyamaza na watoto walionyamaza hawangoji. Kila mchungaji apate sawasawa. Kila mmoja akapata watano. Wakabaki wawili.

"Hao wawili tuwafanyeje?"

"Wachinjwe!" darasa zima lilisema.

"Haya, wamechinjwa. Lakini kwenye daftari bado wapo. Nani atakuja kuniandikia wapo wapi?"

Mikono ikainuka. Wa kwanza alikosea, wa pili akamsahihisha, wakaanza kubishana, na Keneuoe akawaacha wabishane. Kengele ililia akiwa hajafika nusu ya alichopanga. Yule mwanamume alisema asante. Mama wa sweta mbili alisema, "Tutawajulisha," kama anavyoambiwa kila mtu.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Usiku wa pili alilala kwa Lineo macho wazi, akisikiliza mabomba ya nyumba ile na kuwaza chafya.

Ijumaa basi lilimfikisha jua linashuka. Kutoka kona ya mwisho ya barabara kijiji chote huonekana. Alitafuta kitambaa cheupe cha Mme Mampolokeng. Ijumaa ni siku ya pombe, haijawahi kuwa vinginevyo. Mti ulikuwa mtupu.

Mama mkwe alimkuta katika nyumba ya Keneuoe mwenyewe, nyuma ya mlango, mkekani, ndani ya nguo nyeusi. Thuso alikuwa anakula ugali na maziwa mgando kando yake. Keneuoe alimkimbilia mtoto, akashika paji la uso wake, akalikuta baridi.

"Amekuja," Mme Mampolokeng alisema.

"Nani, Mama?"

"Nani mwingine? Jana jioni. Usiku wa kwanza watu kumi wamepita hapo mlangoni, hakuna aliyekohoa. Jana nimekungoja, jua limekwenda, nimesema basi, navaa tena. Mara huyo, anaingia kuzungumza habari ya kondoo! Ameketi pale. Ananiita binti yangu. Ananiambia nisiwe na haraka ya dunia. Mimi natingisha kichwa tu, nimeinamia magoti. Amesema maneno mazuri, Mama Thuso, sikujua Lesaoana ana maneno mazuri. Kisha akatoa kopo lake la ugoro."

"Mama, usiniambie."

"Si langu! Lake! Harufu tu ilinitosha. Nimeishikilia ile chafya mpaka machozi. Imetoka na kilemba."

Thuso alicheka. Bibi yake naye alicheka, kisha akaacha.

Baraza lilikaa Jumamosi asubuhi, uani kwa Ntate Lesaoana. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Keneuoe zaidi. Alikuwa na aibu ya mtu aliyemwambia shemeji yake maneno mazuri.

"Nguo ya kifo si koti la kuazimana," alisema. "Aliyeivaa ameichukua. Shemeji, wewe ndiye utakayeimaliza. Miezi sita kuanzia juzi."

"Mimi nimeshamlilia mwanangu," Mme Mampolokeng alisema. "Ulikuwepo. Ulinishika mkono."

"Nilikuwepo. Lakini umelala ndani yake siku mbili. Nikikuvua leo, mkosi wake ataubeba nani? Mtoto?"

Hapo Keneuoe alisahau kwamba hapaswi kusema. "Nirudishieni mimi, Ntate. Nitaanza upya. Mwaka mzima, nikitakiwa."

"Wewe umejivua. Hakuna wa kukuvika tena." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Utaoshwa kwa maji, Jumamosi ileile. Kondoo hakuna. Nguo mpya hakuna. Na mjane asiyemaliza halimi shamba la marehemu. Litashikwa na kijana wangu mpaka Thuso akomae."

"Lesaoana! Shamba!" Mme Mampolokeng alinyanyuka.

"Keti, shemeji. Uliye katika nyeusi hupazi sauti."

Alikaa.

Wiki mbili zilizofuata Keneuoe alipanda juu ya lile jiwe kila siku, asubuhi na alasiri. Mara mbili simu ililia na mara mbili yalikuwa matangazo ya kampuni ya simu. Usiku alijihesabia makosa: mkono uliokaa hewani, sauti, nywele, vile vidole chini ya meza. Kama mama yule aliandika kwamba huyu amekimbia msiba wa mumewe, basi vyote vimepotea bure, na mama mkwe amekaa mkekani bure. Hilo la mwisho ndilo lililomzuia kula. Mme Mampolokeng alimwona anasukuma sahani, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo sasa ilikuwa sheria yake, "Kula, mwalimu. Kukonda hakumrudishii mtu shamba."

Ujumbe ulikuja siku ya kumi na sita. Amepokewa, shahada ya ualimu wa msingi, miaka minne, afike mwezi wa nane tarehe kumi na moja. Hakuruka. Aliusoma mara tano kama ule wa kwanza, kisha akashuka kwenda kumwambia mama mkwe.

Gharama yake ilikuwa hii. Shamba la kando ya mto, miaka kumi na minne, mpaka Thuso atimize kumi na minane. Kondoo mmoja ambaye hakuchinjwa, na watu wa kwao Keneuoe waliokwisha kununua gauni la kumvika siku ya kuvua, wakalirudisha dukani na hawajamtembelea tena. Miezi sita ya nguo nyeusi kwenye mwili wa mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyekuwa amemaliza kulia. Mapipa ishirini na sita ya pombe ambayo hayakupikwa, moja kila wiki. Na alipovua mwishoni mwa mwaka, wateja walikuwa wameshazoea kunywa kwingine, wakarudi nusu. Thuso alibaki na bibi yake. Mwaka ule wa kwanza wa chuo mama yake alimwona mara tatu.